Gunvor Åkerblom na Kuvutwa kwa Shuka la Kitani

Sikizeni, enyi mliojaaliwa masikio na mahali pa kukaa. Nanyi mliosimama, simameni wima, maana habari hii haisikizwi na mtu aliyeegemea ukuta huku akitafuna. Wengine watawasimulia majemadari waliobomoa ngome kwa mizinga na wafalme waliovuka mito kwa farasi elfu. Mimi hao sikuwaona. Niliyemwona ni Gunvor Åkerblom, mjane wa Yngve, mkaazi wa ghorofa ya pili, ngazi C, mjini Norrköping, yeye Malkia wa Kitani, Mshinda Mikunjo, ambaye siku ya Alhamisi katika mwezi wa Machi, baina ya saa nne asubuhi na saa saba na dakika arobaini na moja mchana, alilivuta shuka moja, nalo likavutika. Nilikuwapo, ingawa sikualikwa.

Nami namwomba Mgawaji wa ndimi anipe ulimi wenye adabu, kwa kuwa shujaa wangu yu hai, anajua kusoma, na dari yake ndiyo sakafu yangu.

Jueni kwanza nasaba ya mikono yake, maana habari hii ni ya mikono. Kwa miaka thelathini na minane Gunvor alitumikia chumba cha dobi cha hospitali. Mashuka yalimfikia yamejikunyata na yakamtoka yamenyooka, hata wauguzi wakasema kwamba mgonjwa akilazwa juu ya shuka la Gunvor hujiona mgeni wa hoteli. Nyumbani kwake alikuwa na mashuka kumi na mawili ya kitani, yenye herufi G na Y zilizotariziwa na mama yake mwaka wa harusi. Na kitani, kwa faida ya ninyi mliolelewa juu ya pamba, ni kitambaa chenye kiburi. Kikishafuliwa, kingali na unyevu, sharti watu wawili wakabiliane, kila mmoja ashike pembe mbili, wavutane mpaka kisalimu amri, ndipo kipitishwe katika ile mashine ya magogo mawili yanayozunguka, ambayo jengo letu linayo kule chini ya ardhi. Gunvor na Yngve walivutana hivyo miaka thelathini na minne, na ugomvi wao wote uliishia hapo, maana ni vigumu kumnunia mtu mliyeshika naye shuka moja. Yngve alipofariki, Gunvor alifunga pembe mbili kwenye kitasa cha mlango wa chumba cha kuanikia, akavuta peke yake kwa mikono miwili. Hakumwomba mtu. Kwake yeye kuomba msaada kulikuwa sawa na kutoka nje bila nguo.

Ndipo adui akaja. Hakupiga tarumbeta wala hakutuma mjumbe. Alimkuta jikoni asubuhi ya Jumanne akimenya viazi, akampiga pigo moja ndani ya kichwa, lile ambalo matabibu huliita kiharusi. Kiazi kilianguka kwanza, kisu kikafuata, kisha Gunvor mwenyewe. Baada ya wiki tisa alirudi nyumbani na fimbo, na mguu uliofundishwa upya kutii, na mkono wa kushoto uliojikunja kifuani, vidole vimefumba ngumi. Mtaalamu wa viungo aliifungua ngumi hiyo kila wiki, kidole kwa kidole, na kila alipogeuka kuandika, ikajifunga tena. Gunvor aliuita mkono ule Mpangaji, kwa sababu, alisema, unakaa bure, hausaidii kazi, na sheria za nchi hii haziruhusu kumfukuza.

Alitania hivyo mbele za watu. Akiwa peke yake aliutia ndani ya mfuko wa sweta, akatazama pengine. Kwa miezi kumi na sita alivaa sweta lenye mfuko upande wa kushoto, hata Julai, watu wote walipokuwa ufukoni wakijianika.

Na liko jambo lililomchoma kuliko ngumi. Kila alipofungua mlango wake ashuke ngazi, alisikia nyayo zikirudi nyuma ya mlango fulani, kufuli likilia kwa adabu, kisha kimya. Ngazi ikawa tupu. Miezi kumi na sita, ngazi tupu. Akasema moyoni: wananikimbia, hawapendi kuniona nilivyo sasa.

Alikuwa na binti, Malin, wa mji wa Linköping, mwenye moyo mwema na haraka nyingi. Malin alimletea mashuka mapya yenye lastiki pembeni.

"Haya hayavutwi wala hayapigwi pasi, Mama. Unayatandaza, unalala."

"Na kuteleza," akasema Gunvor. "Jana nimeamkia miguuni pa kitanda."

"Yale ya kitani yamejaza kabati bure. Nikija Jumamosi niyapeleke kwenye mnada wa hisani, sawa? Wapate watu wanaoweza kuyatumia."

Malin hakukusudia ubaya katika neno lile la mwisho. Lakini lilitua. Gunvor akajibu, "Yapeleke," akaweka simu, akaenda akafungua kabati, akasimama mbele ya mashuka yake kumi na mawili mpaka mguu ukamchoka. Hapo alikula kiapo. Atalifua moja, moja tu, naye atalivuta na kulinyoosha kwa nguvu zake. Likinyooka, yote kumi na mawili yatabaki. Likimshinda, Malin na ayachukue, na Gunvor mwenyewe akubali kwamba mikono yake imekufa, wala asiizungumzie tena. Haya alinisimulia baadaye juu ya maandazi ya iliki, nami nimeyapamba kidogo tu.

Sasa tushuke chini ya ardhi, kwenye dola ya Chumba cha Kufulia, yenye sheria kali kuliko za wafalme. Kila nyumba ina kufuli dogo lenye namba yake, na anayelitundika kwenye ubao anamiliki chumba kwa saa tatu. Katika saa hizo hata mkuu wa majeshi hawezi kuingia kuchukua soksi yake. Zikiisha, unaondoka, umepangusa mashine na kutoa manyoya ya nguo kwenye chujio. Mlinzi wa sheria hizi, asiyeteuliwa na mtu, ni Kjell-Åke Rydman wa ghorofa ya kwanza, mpima ardhi mstaafu, mwandishi wa vikaratasi vya mlangoni. Kimoja nakikumbuka: "Kuna mtu ameacha manyoya kwenye chujio. Ni ya kijani. Tunajua nani ana sweta la kijani." Alikuwa anajua. Lilikuwa langu.

Siku ya Alhamisi, Gunvor alitundika kufuli lake la saa nne, akashuka kwa fimbo, shuka likiwa shingoni mwake kama deraya. Mimi nilikuwa chumba cha pili, cha baiskeli, natia upepo gurudumu, na mlango wa kati ulikuwa wazi kidogo. Gurudumu lile lilijaa baada ya dakika mbili. Niliendelea kupampu saa tatu.

Kufua hakukuwa vita, mashine ilifua. Vita vilianza shuka lilipotoka, limelowa, zito, refu kuliko yeye kwa mara moja na nusu. Shambulio la kwanza: alifunga pembe mbili kwenye kile kitasa cha chumba cha kuanikia kwa mkono mmoja na meno, kazi iliyomchukua dakika ishirini na tano, akashika pembe ya tatu kwa mkono wa kulia, akavuta. Shuka likavutika upande mmoja, upande wa pili ukalegea, likajisokota likawa kamba. Shambulio la pili: pembe ya nne akaiuma. Alirudi nyuma kwa ushujaa mkubwa mpaka jino moja, la kupachikwa na daktari, likatoa onyo. Shambulio la tatu aliikanyaga ile pembe kwa mguu mzima, akavuta kwa nguvu zake zote, na mguu ule mwingine, ambao haukushauriwa, ukapiga magoti. Gunvor akaketi sakafuni pole pole, mgongo ukiteleza kwenye mashine, shuka likamfuata likamfunika mapajani.

Hakuumia. Aliitoa ngumi mfukoni, akaihutubia kama jemadari anayemhukumu askari mtoro.

"Watu wanakulisha, wanakuvisha, wanakukata kucha. Kazi moja tu. Moja. Na wewe umefumba hapo kama mtu aliyeficha peremende."

Akaipiga kofi kwa mkono wa kulia, kisha, nikaona, akaipapasa pale alipoipiga.

Saa ya ukutani ikafika saba kamili. Kjell-Åke alikuwa tayari mlangoni na kapu lake. Alisubiri dakika nne, kwa sababu yeye si mshenzi, kisha akabisha na kusukuma mlango.

"Gunvor. Ni saa saba na dakika nne."

"Saa naijua."

"Muda wako umekwisha."

"Na wako umeanza. Hongera."

Akamtazama pale chini. "Umeanguka?"

"Nimekaa."

"Sakafuni?"

"Sakafu ni ya ushirika wa jengo, nami ni mwanachama."

Kjell-Åke akalifikiria jambo hilo, akaona ni sahihi. "Nikuinue?"

"Wewe kimbia tu, Kjell-Åke. Miezi kumi na sita unanikimbia, utashindwa leo? Nyote. Nikigusa kitasa changu tu, nawasikia mnavyorudi ndani kama panya. Mkono wangu hauambukizi."

Basi Kjell-Åke Rydman, mtu ambaye hotuba yake ya mwisho aliitoa katika kikao cha mwaka wa tisini na nne kuhusu maegesho ya baiskeli, aliliweka kapu lake chini, akanena. Na yaliyosemwa yalikuwa haya, neno kwa neno.

"Nani anakukimbia wewe? Mimi nasikiliza mlangoni kabla ya kutoka tangu mwaka themanini na saba. Nasikiliza, nachungulia kwenye kitundu cha mlango, nikiona kuna mtu nangoja apite. Mtu yeyote. Marehemu Yngve nimemngoja mara ngapi sijui. Mpeleka barua nilimngoja mpaka kahawa ikapoa. Sasa niwangoje watu wote, halafu wewe peke yako nikutokee, nikuulize hali, eti kwa sababu una mkono mbovu? Hiyo ndiyo ingekuwa dharau."

Gunvor akakunja ncha ya shuka mapajani mwake.

"Na wewe ulikuwa hivyo hivyo," akaendelea, maana bwawa lilikuwa limekwisha bomoka. "Kivuli chako nilikuwa nakiona kwenye kitundu chako kila nikipita kwenda stoo ya juu. Sikukasirika. Nilisema, huyu mama ana malezi."

Kisha kutoka sakafuni kikasikika kicheko, kidogo, kikakua, mpaka Gunvor akashika mbavu.

"Ni kweli," akasema. "Krismasi moja nilikungoja upandishe ule mti wako. Nusu saa. Nilikuwa nimevaa koti na kofia, natoka jasho nyuma ya mlango."

"Ulikwama kwenye kona ya ngazi, ule mti."

"Nilisikia. Ulitukana."

Nami katika chumba cha baiskeli niliinamisha kichwa, kwa kuwa asubuhi ile ile nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wangu, viatu mguuni, mpaka fimbo yake ilipomaliza ngazi. Miezi kumi na sita mwanamke alikuwa akiulilia mkono wake peke yake, akidhani amefukuzwa kundini, na sisi tukidhani tunamheshimu. Niliona aibu, na ninaiona hata sasa.

"Basi vuta," akasema Gunvor.

"Nikuvute wewe?"

"Mimi niinue. Uvute shuka."

Kjell-Åke akasita. "Sijawahi kuvuta shuka. Yangu ni ya lastiki."

"Nilijua. Mtu alalaye juu ya kitani hawezi kuandika vile vikaratasi."

Akamwinua. Gunvor akamwambia afungue zile pembe mbili za kitasani azishike, akamfundisha, na ile sauti ya miaka thelathini na minane ya dobi ikarudi mahali pake. "Dole gumba juu. Juu, Kjell-Åke. Unalishika kama samaki aliyeoza. Kusanya kidogo ndani ya kiganja. Sasa rudi nyuma." Kjell-Åke akarudi nyuma. Alikuwa na pembe mbili kwa mikono miwili. Gunvor alikuwa na moja kwa mkono wa kulia, na pembe ya nne ikaning'inia baina yao, wote wawili wakiitazama.

Gunvor akaitazama ngumi yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na huyu Mpangaji alikuwa amekaa miezi kumi na sita. Gunvor aliweka ile pembe ya kulia chini ya kidevu, akaanza kuifungua ngumi kidole baada ya kidole, akaisokomeza pembe ya nne ndani, akavitoa vidole vyake mwenyewe haraka. Ngumi ikajifunga kama ilivyojifunga kila siku ya Mungu mbele ya mtaalamu wa viungo. Akabana kiwiko ubavuni, akaegemeza mgongo kwenye mashine, akachukua pembe yake ya kulia.

"Vuta."

Kjell-Åke akavuta kwa woga.

"Vuta, nimesema. Mimi si kikombe cha udongo."

Akavuta. Na hapa, enyi wasikilizaji, wapiga siwa na washike siwa zao. Kadiri shuka lilivyovutwa ndivyo ngumi ilivyozidi kukaza. Kile kibaya kilichopiganwa nacho miezi kumi na sita, kule kushika bila kuachia, ndicho kilichoshika. Kitani kikalia pa, kikanyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Wakavuta ncha kwa ncha, wakavuta mshazari huku, wakavuta mshazari kule, maji yakawarukia usoni, na Gunvor akawa anahesabu kama alivyokuwa akimhesabia Yngve, moja, mbili, na vuta. Mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kazi. Haukuwa umepona wala hautapona, na alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Lakini ulikuwa kazini.

Wakaenda kwenye mashine ya magogo. Kjell-Åke akaingiza ncha yake, magogo yakaanza kulimeza shuka, Gunvor akalifuata nyuma kama msindikizaji wa bibi harusi, hatua kwa hatua, akikaribia.

"Achia sasa," akasema Kjell-Åke.

"Siwezi. Hauachii."

"Vipi hauachii?"

"Ndio ugonjwa wenyewe huo, Kjell-Åke. Zima."

Akazima, kukiwa kumebaki dhiraa moja. Akaja, akasimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwenye mpaka wa kiwanja kisicho chake.

"Unaniruhusu?"

Akakubali kwa kichwa. Kjell-Åke akaushika mkono ule, ambao tangu adui aje haukuwahi kushikwa na mtu ila kwa kazi ya utabibu au ya kukatwa kucha. Akakifungua kidole kidogo, akakifungua cha pete.

"Una baridi," akasema.

"Damu haifiki vizuri."

Shuka likatoka. Lakini yeye hakuuachia mkono. Akauweka kati ya viganja vyake viwili, akausugua, akitazama pembeni kwa haya.

"Nilikuwa na mikono mizuri," akasema Gunvor.

"Najua. Nilikuwa naiona. Ulikuwa ukibeba vikapu viwili na mlango unaufungua kwa kiwiko. Nilikuwa nachungulia, si nimekwambia?"

Hapo Gunvor alilia. Alilia kama mfiwa, kwa kuwa alikuwa amefiwa, na mkono hauwekewi matanga, hakuna anayeleta uji wala mkeka. Watu walikuwa wamemwambia ashukuru yu hai, naye alikuwa ameshukuru mpaka akachoka. Kjell-Åke hakumwambia anyamaze. Alisimama akiusugua mkono, mpaka kilio kikapungua chenyewe, kisha akawasha mashine, wakamaliza ile dhiraa moja iliyobaki. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini na moja. Aliitazama saa yake, nikamwona akiitazama, na mlinzi wa sheria hakusema kitu.

Siku ya Jumamosi Malin alikuja na mifuko minne mikubwa. Akamkuta mama yake mezani, amevaa blauzi isiyo na mfuko, mkono wa kushoto umepumzika juu ya meza kando ya kikombe, mbele ya macho ya kila mtu.

"Mifuko irudishe garini," akasema Gunvor. "Mashuka hayaendi popote. Nina mtu wa kuvuta naye, kila Alhamisi."

"Mtu gani?"

"Wa chini. Hajui kitu, ila anafundishika."

Malin akaingia chumbani asiamini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kitani, kimenyooka sawasawa, herufi mbili zimekaa mahali pake. Akapitisha kiganja juu yake kwa mshangao, mpaka akafika kwenye pembe moja iliyokunjamana, mikunjo mitano imekutana pamoja.

"Mama, hapa pamekosewa. Nipe pasi nipanyooshe."

"Usipaguse," akasema Gunvor kutoka jikoni. "Hapo ndipo niliposhika."

Basi enyi waandishi wa tarehe za mataifa, mkimaliza majemadari wenu na farasi wao, acheni mstari mmoja mtupu, muandike kwamba katika mwezi wa Machi, mjini Norrköping, chini ya ngazi C, shuka la kitani lilivutwa likavutika, na waliolivuta walikuwa watu wawili, wenye mikono mitatu na ngumi moja.